Soma rangi ya bwawa, fyeka ukingo wake

Ukifika kwenye bwawa la majitaka asubuhi, tazama rangi kwanza. Kijani ndiyo afya. Huo ni mwani mdogo mno, na mchana hutumia jua kutoa oksijeni ambayo bakteria huihitaji ili kumaliza uchafu. Maji yakigeuka kijivu, meusi au hata ya waridi, na yakanuka kama yai viza, bwawa limelemewa. Usikimbilie dawa. Uliza kwanza ni nani ameanza kumwaga kitu kipya: mara nyingi ni damu ya machinjio au mafuta ya hoteli.

Kwa vijiji vya pembezoni mwa Mombasa, kama Mwakirunge, mabwawa haya yanafaa kwa sababu hayataki umeme, na joto letu huharakisha kazi ya bakteria. Pa kuyachimba ndipo watu wanapokosea. Pepo za kusi na kaskazi, zote hutujia kutoka upande wa bahari, kwa hiyo, ili harufu isiingie nyumbani, weka mabwawa upande wa bara wa kijiji, angalau mita 200 kutoka nyumba ya mwisho. Kisha chunguza chini. Ardhi ya matumbawe ina nyufa, na kinachopenya leo kinaweza kutokea kisimani kwa jirani. Pasipo na udongo wa mfinyanzi wa kushindilia, tandika karatasi nzito ya plastiki. Hapo msibane matumizi.

Tuseme mna watu 300, kila mmoja akitoa lita 50 kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 15. Bwawa la kwanza la mita 12 kwa 30, kina mita 1.5, litayashika kwa takriban siku 36. Lifuatwe na mawili madogo ya kina cha mita moja, maji yakae siku tano katika kila moja. Wapo wanaotanguliza bwawa refu la kwenda chini lisilo na hewa. Linapunguza eneo, lakini kwa kijiji kidogo naona harufu yake haifai kuvumiliwa. Bomba la kuingilia na la kutokea yawe ncha mbili tofauti. Niliwahi kukubali yawekwe karibu karibu ili kuokoa mabomba, na maji yakakatiza njia, yakatoka machafu kama yalivyoingia.

Kazi ya kila wiki iko ukingoni. Nyasi zikiinama majini, chini ya kivuli chake utaona viluwiluwi vya mbu vikining'inia kichwa chini. Katikati, upepo unapotikisa maji, huvioni. Basi fyeka, ondoa majani yaliyoanguka na vunja gamba la taka linaloelea, hasa pembeni lilikosukumwa na upepo. Jenga mawe kwenye usawa wa maji, utapunguza kufyeka. Wekeni na ua. Watoto hawajui kwamba kile ni kitu cha kuogopa.

Maji ya bwawa la mwisho yana naitrojeni, na minazi, miembe na majani ya napia huyapenda. Usiyapeleke kwenye mchicha wala mboga yoyote inayoliwa mbichi kabla hayajapimwa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1989 kwa mazao hayo ni yai la minyoo lisilozidi moja kwa lita, na bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 kwa mililita 100. Pitisha maji kwenye mifereji, usiyarushe juu ya majani, vaa buti, na acha kumwagilia wiki mbili kabla ya kuvuna. Kabla ya kuchimba, zungumzeni na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kuhusu kibali.

Mashapo je? Funga taulo jeupe kwenye fito ndefu, literemshe polepole hadi sakafuni, subiri kidogo, kisha vuta. Alama nyeusi itakuonyesha tope limefika wapi. Likifika theluthi ya kina, litolewe wakati wa kiangazi, si masika. Mayai ya minyoo hudumu humo muda mrefu, hivyo lianikeni mwaka mzima au zaidi, mbali na kisima, kabla ya jembe kuligusa.