SOMO: Kupanga ubadilishaji wa mabomba makuu ya maji yaliyochakaa

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Mabomba yetu ni ya zamani, tuanzie wapi kubadilisha?" Nimelijibu kwa ujumbe binafsi mara nyingi mno, sasa naliandika mara moja na nitakuwa nawaelekeza hapa. Nilianza kwenye zamu ya dharura, nikaja kuhamia upande wa mipango. Somo hili ni la wanaopanga. Mafundi mkisoma na mkaona nimekosea, nisahihisheni.

Hatua ya 1. Orodhesha mabomba, kipande kwa kipande, kutoka valvu hadi valvu. Kila kipande kipewe namba, aina, kipenyo, mwaka, urefu, udongo na msukumo. Usichokijua andika "haijulikani".

Hatua ya 2. Zungukia valvu zote. Funga, fungua, hesabu mizunguko, andika. Mpango unaotegemea valvu isiyofunga utakufia siku ya kazi.

Hatua ya 3. Kusanya kumbukumbu za mipasuko za miaka mitano kwenda juu. Kumi ni bora.

Hatua ya 4. Usipange foleni kwa umri. Hapa ndipo nilipokosea, na fedha iliyopotea ilikuwa ya wateja, kwa hiyo someni polepole.

Mpango wangu wa kwanza niliupanga kwa mwaka wa kulazwa. Juu kabisa ya orodha likakaa bomba la chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), kilomita nne hivi, kongwe kuliko yote. Bajeti ya miaka miwili ikaenda huko. Tulipoanza kukata vipande, ukuta wa bomba ulikuwa mnene, kisu hakikwaruzi kitu, na ndani maji yalikuwa na njia pana. Tulikuwa tunang'oa bomba zima, lisilo na ubovu. Wakati huohuo bomba jingine, lililolazwa miongo kadhaa baadaye, lilikuwa linapasuka kila baada ya wiki chache, na watu wa upande ule walikesha na ndoo wakisubiri maji.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Mabomba ya kale ya chuma yalisubiwa kwenye kalibu za mchanga zilizosimamishwa wima, na kwa kuwa ukuta haukutoka sawasawa, watengenezaji waliufanya mnene. Kuanzia miaka ya 1920 ulienea utaratibu wa kusubu kwa kuzungusha kalibu. Chuma kilitoka sawia zaidi, hivyo ukuta ukapunguzwa. Kutu inayokula kwa kasi ileile humaliza ukuta mwembamba mapema. Ndiyo maana bomba changa linaweza kufa kabla ya kongwe. Na chuma kikipata udongo mwema hudumu sana: mabomba yaliyolazwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1664 yalihudumu zaidi ya miaka 300. Umri unakuambia bomba lilitengenezwaje. Afya yake utaijua kwa mipasuko na kwa kulitazama.

Na kumbukumbu za mipasuko nilikuwa nazo! Tatizo ni kwamba ziliandikwa kwa nyumba ya mteja aliyepiga simu. Maji ya bomba lililopasuka hutokea pale ardhi inapoyaruhusu, pengine mtaa wa pili huko bondeni. Mipasuko ya lile bomba changa ilikuwa imetawanyika kwenye anwani za mitaa mitatu, kila mtaa ukionekana una matatizo madogo tu. Kwa hiyo zingatieni haya:

- Namba ya kipande iandikwe na fundi aliyeshuka shimoni. Mpokea simu hawezi kuijua.
- Tofautisha kilichoharibika: mwili wa bomba, kiungio, au tawi la mteja. Bomba lililopigwa na mashine ya kuchimba si bomba gonjwa, litoe kwenye hesabu.
- Andika umbo la mpasuko. Ufa wa kuzunguka kama pete kwenye bomba jembamba mara nyingi ni ardhi iliyosogea na kulikunja. Ufa wa kwenda urefu wa bomba, tazama msukumo. Tundu, tazama kutu.
- Linganisha kwa mipasuko kwa kilomita kwa mwaka, lakini jihadhari na vipande vifupi. Kipande cha mita 80 kikipasuka mara moja tu katika mwaka kinasoma 12.5 kwa kilomita, na kitaruka juu ya orodha bila sababu. Vikusanye vinavyofanana: aina moja, kipenyo kimoja, udongo mmoja.
- Kabla ya kutia saini mpango wowote, chimba. Mashimo machache kwenye kila bomba kubwa linalopendekezwa. Chuma cha kusubu kinaweza kuliwa na kutu ikabaki grafiti (kaboni laini kama ya penseli) yenye umbo lilelile la bomba, ukitazama unasema kizima. Kwaruza kwa kisu. Kikikwanguka kama penseli, hicho kimekwisha.

Hatua ya 5. Pima madhara. Bomba linalopasuka mara chache lakini likipasuka hospitali inakosa maji, au reli inazolewa na mmomonyoko, linaweza kutangulia lile linalopasuka mara nyingi kwenye uchochoro. Zidisha uwezekano kwa madhara, upange foleni hapo.

Hatua ya 6. Jiulize kama kweli ni kubadilisha. Pengine msukumo wa usiku uko juu mno na valvu ya kupunguza msukumo itakupa miaka kadhaa. Pengine bomba ni imara ila limejaa kutu ndani, linahitaji kusafishwa na kupakwa saruji. Kama mwili wenyewe umekwisha, chagua kati ya kuchimba mtaro, kupenyeza bomba jembamba ndani ya la zamani, au kulipasua la zamani huku ukivuta jipya la plastiki nyuma yake. Njia hizi za bila mtaro ni nzuri barabarani, lakini kila tawi la mteja bado linahitaji shimo lake. Matawi yakikaribiana sana, faida inaisha.

Hatua ya 7. Kagua kipenyo kwa mahitaji ya kesho pamoja na maji ya zimamoto. Usiongeze tu "kwa usalama": maji yakikaa sana bombani klorini huisha.

Hatua ya 8. Kaa na watu wa barabara. Kulaza bomba mwaka mmoja baada ya lami mpya ni aibu na ni gharama.

Hatua ya 9. Panga kuhamisha wateja na kuliua bomba la zamani. Bomba jipya hupimwa kwa msukumo, huuliwa vijidudu, hupimwa maabara, ndipo wateja wahamishwe mmoja mmoja. Bomba la zamani ulilofunga upande mmoja tu halijafa. Kutakuwa na muunganisho usioandikwa popote, na litaendelea kuvuja kimya kimya. Kata, ziba ncha zote, kisha usikilize kama bado linavuja.

Hatua ya 10. Fanya hesabu ya kasi. Mtandao wa kilomita 1,000 unaobadilishwa kilomita 10 kwa mwaka utachukua miaka 100 kumaliza mzunguko. Peleka hesabu hiyo kwa bodi, iwekwe mezani kabla ya bajeti kupitishwa.

Maswali karibuni.

---

Jembe la Bajeti: Somo zuri mkuu. Kwa kifupi, tuchukue yote yenye zaidi ya miaka 50 tuyaweke kwenye zabuni?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Jembe la Bajeti: Nimeisoma. Lakini wakubwa wanataka kigezo rahisi.

Mwandishi: Hujaisoma, mkuu. Kigezo rahisi ndicho kilichonifanya ning'oe kilomita nne za bomba zima. Wape kigezo hiki: mipasuko kwa kilomita kwa mwaka, mara madhara. Kinatosha ukurasa mmoja.

Mwanagenzi: Shikamoo mwalimu. Hatua ya 6 umesema msukumo wa usiku. Kwa nini usiku, na unahusianaje na mipasuko?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, ngoja nilifungue.

Mchana watu wanatumia maji, na maji yakitembea hupoteza msukumo kwa msuguano wa bomba. Usiku matumizi hushuka, msuguano unapungua, msukumo unapanda hadi karibu na kimo kamili cha tangi. Bomba dhaifu linapata mzigo mkubwa zaidi wakati hakuna anayelitazama. Saa nane hadi saa kumi usiku ndipo pia tunapopima mtiririko wa chini wa eneo: wateja wamelala, kwa hiyo kinachoendelea kupita kwenye mita kuu, ukitoa matumizi halali ya usiku, sehemu kubwa ni uvujaji.

Uvujaji wenyewe hufuata msukumo. Kwenye mtandao mchanganyiko, wenye chuma na plastiki, kadirio la kuanzia ni kwamba ukishusha msukumo kwa asilimia 10, uvujaji unashuka takribani asilimia 10. Kwenye plastiki unaweza kushuka zaidi, maana ufa wenyewe hutanuka msukumo ukipanda. Tundu la kutu kwenye chuma halitanuki hivyo, kwa hiyo hapo uvujaji hushuka kwa kiasi kidogo kuliko huo.

Kuna jambo jingine linaloumiza kuliko msukumo mkubwa uliotulia: msukumo unaorukaruka. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma, yakisimamishwa ghafla, huzaa msukumo wa ziada wa takribani mita 100 za kimo cha maji. Pampu inayozimika umeme ukikatika, au fundi anayefunga valvu kwa haraka, hufanya hivyo. Kabla hujalihukumu bomba, funga kifaa cha kurekodi msukumo kwa wiki moja, kinachosoma kwa kasi ya kutosha kunasa mruko. Nimewahi kuona mipasuko ya eneo zima ikipungua kwa kurekebisha namna pampu inavyowashwa na kuzimwa.

Mwanagenzi: Asante sana mwalimu. Nitaanza na kifaa.

Mchora Ramani: Sisi malalamiko makubwa ni maji kutoka kidogo, mipasuko ni michache. Bomba ni la milimita 150, chuma, kutu ndani. Je, kutu inaweza kuleta tofauti kubwa hivyo?

Mwandishi: Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Upotevu wa msukumo hupanda kipenyo kinapopungua, karibu na kipeo cha tano. Bomba la 150 likibanwa hadi njia ya 120, kwa mtiririko uleule upotevu ni karibu mara tatu, na hapo bado hatujahesabu ukwaruzo wa kutu yenyewe. Kwaruzeni kwa nje kwanza. Ukuta ukiwa mzima, kusafisha na kupaka saruji kunaweza kuwa nafuu kuliko bomba jipya. Ukiwa umeliwa, msipoteze fedha ya kupaka.

Mkandarasi Mdogo: Tuna mabomba ya asbesto na saruji. Tunayakata kwa grainda, kuna shida?

Mwandishi: Acheni leo. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni husababisha saratani, na huchukua miaka mingi kujitokeza. Usitumie grainda, usivunje kavu. Lowanisha, tumia kikatio cha mkono, vaa barakoa inayofaa, mabaki yafungwe na kutupwa kwa sheria ya nchi yenu. Na usikubali njia ya kupasua bomba kwa ajili ya hayo bila idhini ya wasimamizi wa mazingira, maana vipande vinabaki ardhini.

Mkandarasi Mdogo: Lakini tumefanya miaka yote na hakuna aliyeugua.

Mwandishi: Nimekujibu. Walinde vijana wako.

Klorini Kidogo: Hatua ya 9 umepita haraka. Dawa kiasi gani?

Mwandishi: Kweli, niliipita. Utaratibu unaotumika sana ni kujaza maji yenye klorini miligramu 25 kwa lita, kuyaacha saa 24, na mwishoni zibaki angalau 10. Mfano: mita 100 za bomba la 150 zinabeba lita 1,770 hivi, kwa hiyo unahitaji gramu 44 za klorini. Ukitumia unga wenye nguvu ya asilimia 65 ni gramu 68. Kisha suuza, na maji hayo yaondolewe klorini kabla ya kumwagwa mtoni, samaki watakufa. Sampuli ziende maabara, na bila majibu usifungulie mteja. Kanuni za kwenu zikisema tofauti, fuata hizo.

Fundi wa Zamu: Niongeze kwenye valvu, mkuu. Ile ambayo haijaguswa miaka usiilazimishe. Zungusha kidogo, rudisha, zungusha kidogo zaidi, rudisha, hadi takataka zitoke kwenye njia yake. Ukilazimisha unakata shina, na hapo umejitafutia shimo jingine.

Mwandishi: Sawa kabisa. Na andika inafungwa kwa kulia au kushoto. Kwenye mtandao mmoja unaweza kukuta zote mbili.

Fundi wa Zamu: Sisi kila tunapokata bomba tunahifadhi kipande bohari. Kuna faida, au tunajaza nafasi?

Mwandishi: Ndugu, hiyo ni hazina, hata mimi ningeipanda gari kuja kuitazama. Kila kipande kiandikwe kwa rangi: namba ya kipande cha bomba, tarehe, kina, na upande upi ulikuwa juu. Huo wa mwisho watu husahau. Kutu ya nje ikikaa zaidi upande wa chini, mara nyingi ni bomba lililolala kwenye udongo mzito wenye maji. Ikizunguka kote, fikiria udongo mkali au umeme unaopotea ardhini. Pima unene uliobaki sehemu nne kuzunguka, uandike. Ukiwa na vipande thelathini hivi vya bomba la aina moja, nitumie vipimo, tupange foleni yenu pamoja.