Kubadilisha feruli, tipu na mpira wa kitako kabla hujapiga fimbo ya pool vanishi

Wadau wa pool, wengi wakitaka kufufua fimbo wanakimbilia msasa na vanishi, halafu ndo wanakumbuka feruli (kile kipete cheupe kinachovaa ncha ya mti) imepasuka, matokeo yake fimbo inang'aa ila pale juu kuna kangazi unakasikia kwenye vidole kila ukivuta kupiga. Mpangilio ni vipuri kwanza, msasa baadae, vanishi mwisho, isipokuwa mpira mpya wa kitako, huo unarudi baada ya vanishi. Na kipuri kipya nunua kinene kidogo kuliko mti, ukishagundisha ndo unakishusha kiufate mti, sio mti ukifate kipuri, maana mti ukishaula haurudi.

Naongelea fimbo zenye tipu (kile kipande cha ngozi kinachogonga mpira) ya mm 13 hivi na feruli nyeupe ya plastiki. Zile za Kiingereza zenye feruli ya shaba zina mambo yake.

Hatua ya 1: toa vya zamani. Tipu kata kwa kisu kipya. Feruli usiikamate na plaizi ukaizungusha, ulimi wa mti uliopo ndani mara nyingi una unene wa kama mm 8 tu, ukikatika hapo unatafuta fundi wa kukereza. Piga tupa pande zote taratibu mpaka plastiki ibaki ganda jepesi, kisha ibandue kwa wembe.

Hatua ya 2: jaribu kavu, hii ndo kazi yenyewe. Kwangua gundi ya zamani kwenye ulimi mpaka uone mti msafi, ila usiupunguze. Feruli mpya inatakiwa iingie kwa nguvu ya vidole bila nyundo. Ikigoma, viringisha msasa namba 220 usugulie tundu la feruli, mti uache. Ikicheza, zungushia ulimi uzi mwembamba wa cherehani ili ikae katikati. Ikishaingia ielekeze kwenye taa, ukiona mwanga unapita kati ya feruli na bega la mti basi bado, sawazisha kwanza. Halafu kuna kitu wengi wanaruka, chora mfereji mdogo kwenye ulimi toka juu hadi chini kwa kipande cha msumeno wa chuma. Feruli iliyozibwa juu ukiisukuma na gundi hewa inakosa pa kutokea, unaiona imekaa vizuri, ukigeuka kidogo yenyewe inapanda.

Hatua ya 3: gundisha kwa epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka polepole. Supagluu kwa feruli hapana kabisa, inashika kabla hujanyoosha na mipigo ikizidi inapasuka. Paka kiasi, sukuma, futa iliyotoka kwa spiriti, kisha kaza kwa utepe wa chubu ya baiskeli ukipitisha juu ya feruli na kuufunga chini kwenye mti. Acha masaa 24, usiwe na haraka.

Hatua ya 4: shusha. Zungushia mti tepu ya karatasi (masking tape) jirani kabisa na feruli, piga msasa 180 mpaka uanze kugusa tepu, itoe, endelea na 400 kwa mkanda wa msasa unaouvuta huku na huku kama unang'arisha kiatu, huku unaizungusha fimbo ili isitoke yai. Malizia 600 fimbo nzima ya mbele, yaani kipande chote cha juu cha fimbo mpaka kwenye maungio.

Hatua ya 5: tipu. Kichwa cha feruli kiwe bapa kabisa, na tako la tipu lisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Hapa supagluu ya jeli inafaa, tone moja, bana. Ikikauka geuza fimbo, tipu iwe chini juu ya ubao, kata ngozi iliyozidi ukielekeza kisu kwenye ubao, sio kwenye feruli. Juu ipe mviringo wa sarafu yenye kipenyo cha mm 21 hivi, pembeni lowanisha kidogo sana usugue kwa kipande cha ngozi mpaka ing'ae, hiyo inaizuia kuvimba.

Hatua ya 6: nyuma. Fungua skrubu ya mpira wa kitako uutoe kabla ya msasa. Ziba maungio, pale vipande viwili vya fimbo vinapofungana, kwa tepu, vanishi ikiingia hata kidogo kwenye nyuso za maungio fimbo haitakaza vizuri na utasikia inalia ukipiga. Fimbo ya nyuma paka sila (rangi ya kuziba vinyweleo vya mti), msasa 400, kisha vanishi nyepesi mikono mitatu. Fimbo ya mbele usiipake vanishi, mkono ukitoa jasho inanata, ipe nta tu. Mpira mpya rudisha vanishi ikishakuwa ngumu kabisa, na skrubu usiikaze mpaka mpira utanuke kuzidi kitako.