Kuandika kiendeshi chepesi cha kihisi cha SHT31 kwa lugha ya C

Kiendeshi (driver, yaani programu inayowasiliana na kifaa) kizuri hakijui kimewekwa kwenye chipu gani. Ukishaita maktaba ya bodi fulani, kama HAL ya STM32 au Wire ya Arduino, ndani yake, umejifunga: ukibadilisha bodi, unaandika upya. Tutatumia SHT31, kihisi cha joto na unyevu kinachowasiliana kwa I2C, basi (njia ya pamoja ya data) ya nyaya mbili.

Hatua ya 1: Omba, usichukue. Mtumiaji ndiye atakayeleta fanksheni za basi. Sisi tunashika vielekezi tu:

```c
typedef struct {
  int8_t (*andika)(uint8_t anw, const uint8_t *d, uint8_t n);
  int8_t (*soma)(uint8_t anw, uint8_t *d, uint8_t n);
  void (*subiri_ms)(uint16_t ms);
  uint8_t anwani; /* 0x44 au 0x45 */
} sht31_t;
```

Hakuna malloc wala vigeu vya jumla, kwa hiyo vihisi viwili kwenye basi moja ni strakti mbili tu.

Hatua ya 2: Pima. Andika baiti 0x24 na 0x00, subiri millisekunde 16, kisha soma baiti 6: mbili za joto na CRC yake (baiti ya kukagua kama data imefika salama), mbili za unyevu na CRC yake. Ukisoma kabla kipimo hakijaisha, kihisi kitakunyima ACK, yaani ishara ya kukubali. Wengi hukimbilia kulaumu nyaya hapo, kumbe ni haraka zao.

Hatua ya 3: Hakiki CRC. Usiiruke. Waya mrefu karibu na mota unaweza kugeuza biti moja, nawe ukapata joto linaloaminika kabisa ila la uongo.

```c
uint8_t crc8(const uint8_t *d, uint8_t n) {
  uint8_t c = 0xFF;
  while (n--) {
    c ^= *d++;
    for (uint8_t i = 0; i < 8; i++)
      c = (c & 0x80) ? (c << 1) ^ 0x31 : c << 1;
  }
  return c;
}
```

CRC isipolingana, rudisha namba ya kosa na uache thamani za mtumiaji kama zilivyokuwa. Kurudisha sifuri ni kumdanganya, maana nyuzi sifuri ni joto halali.

Hatua ya 4: Geuza bila float. Chipu ndogo nyingi hazina FPU (kitengo cha kukokotoa desimali), na float huongeza ukubwa wa programu bila sababu.

```c
joto   = ((21875L * ghafi_j) >> 13) - 45000;
unyevu = (12500L * ghafi_u) >> 13;
```

Hapo `ghafi_j` na `ghafi_u` ni baiti mbili za joto na mbili za unyevu, kila jozi ikiunganishwa kuwa namba moja. Majibu ni sehemu za elfu za nyuzi Selsiasi na sehemu za elfu za asilimia. Hiyo L ina kazi: kwenye AVR (familia ya chipu ndogo za biti 8), int ina biti 16 tu, na bila L hesabu itafurika kimyakimya.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye kompyuta kwanza. Hapa ndipo vielekezi vya hatua ya 1 vinapolipa. Andika `soma` bandia inayorudisha BE EF 92 mara mbili. CRC ya 0xBEEF ni 0x92, kwa hiyo lazima upate joto 85521 na unyevu 74583. Kisha badilisha 92 iwe 93: kosa lisipotokea, rudi hatua ya 3.

Ukihamia kwenye bodi, kumbuka HAL ya STM32 hutaka anwani iliyosogezwa biti moja kushoto, yaani 0x88 badala ya 0x44. Isogeze ndani ya fanksheni yako ya `andika` na ya `soma`, kamwe si ndani ya kiendeshi.