Vifaa vya seva ya nyumbani: anza na diski, prosesa baadaye

Ukitaka mashine moja itunze mafaili na pia iendeshe mashine pepe kadhaa (kompyuta za programu tupu ndani ya kompyuta moja), usianze kwa kutafuta prosesa. Anza na diski. Idadi yake ndiyo inayoamua ukubwa wa kesi, nguvu ya pawa saplai na sloti za ubao mama. Prosesa ya kawaida ya koa 6 inabeba mashine pepe nyepesi kumi bila shida, mradi iwe na VT-x (Intel) au AMD-V (AMD), uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe.

Diski

Pima data uliyonayo leo, zidisha mara mbili, kisha panga. ZFS ni mfumo wa mafaili unaounganisha diski nyingi kuwa kundi moja, na RAIDZ2 ni mpangilio wake unaostahimili diski mbili kufa. Diski 6 za TB 8 kwenye RAIDZ2 hukupa TB 32, kwa sababu nafasi ya diski mbili inakwenda kwenye ulinzi. Mfumo utaonyesha TiB 29 hivi. Hujaibiwa, ni vipimo viwili tofauti: TB huhesabiwa kwa 1000, TiB kwa 1024. Usijaze zaidi ya asilimia 80. RAIDZ1, yenye ulinzi wa diski moja tu, hatuishauri kwa diski kubwa: diski moja ikifa, zilizobaki husomwa kwa saa nyingi mfululizo wakati wa kujaza mpya, na huo ndio wakati ambapo ya pili hufa. Kumbuka pia kuwa RAIDZ si nakala rudufu. Faili ukilifuta, limefutika.

Kabla ya kulipa, hakikisha diski ni ya CMR (mistari ya data haijalaliana), si SMR. Kwenye SMR mistari ya data imelaliana kama mabati ya paa, hivyo kubadilisha mmoja kunalazimu kuandika upya ile iliyo juu yake. Kunakili picha hutaona tatizo; siku ya kujenga upya kundi, diski hukwama muda mrefu hadi ZFS ikaihesabu kuwa mbovu. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR, kwa hiyo soma namba ya modeli, si jina la boksi.

Mashine pepe zisikae kwenye kundi hili la diski. Kundi moja la RAIDZ, kwa maandishi madogo ya hapa na pale, lina kasi ya karibu diski moja tu. Ziwekee SSD mbili za NVMe (diski za kasi zisizozunguka) zinazoakisiana.

Kadi ya diski na sloti yake

Milango ya SATA, ya kuunganishia diski kwenye ubao mama, isipotosha, tafuta HBA (kadi ya kuongeza milango ya diski) kama LSI 9207-8i yenye fimwea ya IT, programu ya ndani ya kadi inayopitisha diski bila kuzipanga, ili ZFS ione diski zenyewe. Kadi ya RAID huzificha, na maboksi ya USB hukatika katikati ya kazi. Kebo ya SFF-8087 (plagi ya kadi hiyo) kwenda SATA nne ina aina mbili zinazofanana kabisa kwa macho, lakini kila moja hufanya kazi upande mmoja tu. Unayotaka ni ya kutoka kadi kwenda diski. Kadi hizi zilibuniwa kwa seva zenye upepo mkali. Ndani ya kesi ya nyumbani bati la kupoozea huunguza kidole, na makosa ya kusoma huanza kujitokeza. Ifungie feni ya milimita 40.

Sloti ya PCIe (ya kuchomekea kadi) yenye umbo la x16 inaweza kuwa na njia 4 tu za data, lakini kwa diski 8 zinatosha: PCIe 3.0 x4 hupitisha karibu GB 3.9 kwa sekunde, nazo diski zote pamoja hazizidi sana GB 2. Linaloumiza zaidi ni sloti ya M.2 (ya SSD) ambayo ukiitumia hufunga milango ya SATA, jambo lililoandikwa kwenye kijitabu cha ubao tu. Na ukikusudia kuikabidhi HBA kwa mashine pepe ndani ya Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, washa VT-d (Intel) au AMD-Vi (AMD), na uhakikishe kadi iko peke yake kwenye kundi la IOMMU, yaani kundi la vifaa vinavyokabidhiwa pamoja.

RAM na umeme

GB 32 ni mwanzo mzuri, na ECC, RAM inayogundua na kusahihisha makosa, inastahili gharama yake. Mitego ni miwili: prosesa za Ryzen za soketi ya AM4 zenye herufi G zisizo PRO haziikubali, na Core za Intel za kizazi cha 12 zinahitaji ubao wenye chipu ya W680 au jamaa yake. RDIMM, RAM za seva kuukuu, hazifanyi kazi kwenye ubao wa UDIMM, RAM za kompyuta za kawaida.

Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, yaani diski 8 ni wati 200 kwa sekunde chache. Pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha. Epuka adapta za Molex kwenda SATA zilizomiminwa plastiki. Nyaya zake huweza kugusana ndani na kuwaka moto.

Kabla ya kuweka data

Endesha memtest, kipimo cha RAM, usiku mzima. Kila diski ipitie `smartctl -t long`, jaribio refu la diski yenyewe, kisha `badblocks -b 4096 -wsv`, amri inayoandika na kusoma diski nzima, inayofuta kila kitu na inayochukua siku kadhaa kwa TB 8. Halafu soma SMART, rekodi ya afya ya diski: Current_Pending_Sector ikizidi sifuri, rudisha diski dukani. UDMA_CRC_Error_Count ikipanda peke yake, badilisha kebo kwanza.