Somo: Maziwa ya mama yakipungua, uchague kopo gani la maziwa ya mtoto na uliandaeje

Dada zangu, mama zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya, habari zenu. Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lilelile: "Maziwa yangu yanakata, nimnunulie mtoto kopo gani?" Nimeona niliandike mara moja kwa utaratibu. Mimi si daktari. Ni mama wa watoto wawili, naishi Mabatini hapa Mwanza, na mtoto wangu wa kwanza alikaa karibu mwezi mzima bila kuongezeka uzito huku kopo la bei kubwa likiwa mezani. Nitafika huko.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli yamepungua

Hatua hii wengi tunairuka. Matiti kuwa laini baada ya wiki kadhaa si dalili ya kukauka. Mwili umeshazoea kiasi anachohitaji mtoto. Kukamua na kupata kidogo nako si kipimo, kwa sababu mtoto anayenyonya vizuri huvuta zaidi ya mkono. Kulia jioni pia kusikutishe peke yake.

Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni nepi: kuanzia siku ya 5 hivi, mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake si wa njano iliyokolea. Cha pili ni mizani ya kliniki. Uzito wa kuzaliwa hurudi ndani ya wiki 2, kisha katika miezi 3 ya mwanzo watoto wengi huongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Mstari kwenye kadi ukilala, hapo una tatizo la kweli, na anayepaswa kulisikia kwanza ni nesi, si muuza duka.

Kabla ya kopo, mwombe nesi akutazame unavyonyonyesha. Mara nyingi mtoto anashika chuchu tu badala ya kujaza mdomo kwa sehemu ile nyeusi. Nyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku na usiruke usiku. Ukianza vidonge vya uzazi wa mpango, uliza kama vina estrojeni, maana hiyo hupunguza maziwa. Supu ya sato na uji wa ulezi kunywa, vinakupa nguvu, ila kinachoita maziwa ni mtoto kunyonya.

Hatua ya 2: Geuza kopo usome nyuma

Picha ya mbele isikushughulishe. Tafuta namba. Namba 1 ni ya kuzaliwa hadi miezi 6, na inaweza kuendelea hadi mwaka mmoja. Hulazimiki kuhamia namba 2. Namba 3 ni ya mtoto aliyeshatimiza mwaka, usimpe mchanga hata kama ndiyo iliyobaki dukani.

Maziwa ya unga ya familia, yale ya chai, si maziwa ya mtoto mchanga. Ya kondensi pia hapana. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo, na protini na chumvi yake ni mzigo kwa figo changa. Yanaweza hata kuchubua utumbo ukavuja damu kidogo kidogo usiyoiona. Ya mbuzi nayo hayafai.

Kuhusu bei, niwe wazi: maziwa ya namba 1 yanayofuata kiwango cha kimataifa cha Codex yote yana virutubisho vya lazima. La bei ya kati linalishwa mtoto akakua vizuri tu. Chagua lile utakaloweza kulinunua mpaka mwisho. Piga hesabu hivi: mtoto wa kilo 5 asiyenyonya kabisa anahitaji kama mililita 750 kwa siku, sawa na gramu 100 hivi za unga. Kopo la gramu 400 linaisha kwa siku 4. Kama nusu ya chakula chake bado ni titi, linafika siku 8. Hesabu hiyo ifanyike nyumbani, baba akiwepo.

Kopo lisiwe limebonyea wala kuota kutu, tarehe isiwe imepita, na maelezo yawe katika lugha unayoisoma. Usikubali unga wa kupimiwa kwenye mfuko. Maziwa ya soya, yasiyo na laktosi au ya watoto wenye aleji, hayo aseme daktari.

Hatua ya 3: Maji na kijiko

Hapa ndipo mwanangu alipoumia. Nilirudi kazini akiwa na miezi 3, mama mkwe akabaki naye. Jumamosi moja nilimkuta dirishani anatikisa chupa, na maziwa yanapita mwanga kama maji ya kuoshea mchele. Kopo letu lilidai kijiko 1 kwa mililita 30, yaani vijiko 4 kwa mililita 120. Yeye aliweka 2. "Nalivuta lifike mwisho wa mwezi, mwanangu," akaniambia. Alitaka kutusaidia. Mimi ndiye sikuwa nimekaa naye nikamwonyesha. Tulipoanza kuweka vijiko kamili, ndani ya wiki mbili mizani ikapanda.

Kwa hiyo: kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, kimesawazishwa, kisishindiliwe. Kupunguza ni njaa. Kuzidisha kunamkausha maji mtoto.

Maji yachemke kabisa. Unga huu hautengenezwi bila vijidudu, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linataka uchanganywe na maji ya moto yasiyopungua nyuzi 70, ndiyo yanayoviua. Chemsha, acha yapoe si zaidi ya nusu saa, mimina maji kwanza, kisha unga, kisha poza kikombe kwenye bakuli la maji baridi. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono wako: liwe vuguvugu. Yakishakaa saa 2 bila friji, mwaga. Aliyobakiza mtoto mwaga papo hapo.

Mnaochota ziwani moja kwa moja, sikilizeni. Maji yakigeuka kijani kama rangi iliyomwagika, ule ni mwani unaoweza kuwa na sumu, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Tafuta maji ya bomba au ya kisima salama kwa ajili ya mtoto.

Hatua ya 4: Titi kwanza, kopo baadaye

Mpe matiti yote mawili, halafu uongezee kopo. Ukianza na kopo, atanyonya kidogo na mwili utatengeneza kidogo zaidi. Mimi napendelea kikombe kidogo kuliko chupa. Kinaosheka chote, na hakimfundishi kulikataa titi. Mkalishe wima kidogo, kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Usimmiminie.

Maswali ya wanachama

*Bibi, Magu:* Mimi nimelea wajukuu kwa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa na sukari kidogo. Mbona wamekua?

Shikamoo bibi. Wamekua, tunamshukuru Mungu. Lakini ukiyazimua unapunguza chakula, na upungufu wa damu hauonekani kwa macho. Huyu mdogo asubiri. Uji nao uanze akitimiza miezi 6.

*Mama, Ukerewe:* Shikamoo dada. Navuka na meli kutoka Nansio kuja Mwanza, naweza kuandaa maziwa nyumbani kabisa?

Marahaba mdogo wangu. Usiandae. Jaza maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai nzuri mpaka juu, unga uliopimwa weka kwenye kichombo kikavu chenye mfuniko, uchanganye humo melini anapohitaji. Beba na maji baridi ya kupozea kikombe.

*Hajataja mahali:* Natumia dawa za CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU). Naweza kuchanganya titi na kopo?

Asante kwa kuuliza. Mama anayemeza dawa vizuri hunyonyesha, na miezi 6 ya mwanzo inashauriwa iwe titi tupu. Usianze kopo wala usiache titi kabla hujaongea na mhudumu wako wa CTC. Atapima hali yako na ya mtoto. Dawa usiruke hata siku moja.

*Baba, Igoma:* Tangu tuanze kopo choo kimekuwa kigumu. Tubadilishe aina?

Choo cha kopo huwa kizito kidogo kuliko cha titi, hilo ni kawaida. Kikiwa kama vigololi, kagua kijiko kwanza kabla ya kununua kopo jingine. Akiharisha na kutapika, akikataa kula, akipata homa au utosi ukibonyea, usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali.

*Baba, Igoma:* Kijiko tumekikagua, kweli kilikuwa kinajaa kilima. Tunasawazisha na nini?

Makopo mengine yana ukingo ndani, pitisha kijiko hapo. Kama lako halina, tumia mgongo wa kisu kisafi na kikavu. Kidole hapana.