Namna ya kuongoza mjadala wa adhabu ya kifo barazani

Baraza letu liko nyuma ya Ngome ya Lamu, hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni. Watu huketi hapo baada ya isha, kahawa chungu ikizunguka, na kwa kuwa nimesomesha wengi wao, mimi ndiye huachiwa kuongoza maneno. Vijana wawili walinijia na ombi: "Shikamoo Maalim. Tunataka tuzungumze kesi ya Boston. Yule kijana auawe ama asiuawe?" Walimkusudia Dzhokhar Tsarnaev, aliyehukumiwa kifo Marekani kwa mabomu ya Boston ya mwaka 2013. Niliwakubalia, lakini niliwaomba siku tatu za kujitayarisha. Nawe ukiombwa kazi hii, omba muda. Maneno ya roho za watu hayataki papara.

Siku hizo tatu nilizitumia kujua ni nani watakaoketi. Miaka ya nyuma niliongoza mazungumzo ya adhabu ya magaidi bila kuangalia. Alikuwapo mzee mmoja wa Mpeketoni ambaye huleta maembe mjini, usiku umemkuta huku. Ndugu yake aliuawa katika yale mashambulizi ya huko Mpeketoni ya Juni 2014 yaliyoua zaidi ya watu 60. Mtu mmoja akasema, "Waliokufa wameshakufa, tuwazungumze walio hai." Yule mzee aliweka kikombe ukingoni mwa baraza, kimejaa vile vile, mvuke bado unatoka, akachukua kapu lake akaenda zake. Asubuhi nilimfuata jetini kumtaka radhi. Akaniambia, "Mwalimu, mliongea saa nzima na hakuna aliyeniuliza."

Kwa hiyo sasa nazunguka mchana. Aliyefiwa namweleza mada mapema, namwuliza kama angependa kusema mwanzo, mwisho, au kunyamaza. Wengine pia nawaendea. Mji huu una nyumba ambazo vijana wao walitoweka na hadi leo mama zao hawajui walipo. Una wavuvi waliokaa muda mrefu bila kuruhusiwa kutoka usiku kwa sababu ya usalama, na wao kosa hawakulifanya. Neno "gaidi" halimwingii kila mtu kwa sikio moja.

Hatua ya pili ni kuisimulia kesi kabla ya mtu yeyote kutoa rai. Niliandika karatasi moja nikaisoma kwa mwanga wa simu. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mwisho wa mbio za marathoni za Boston, Marekani. Walikufa watatu: mmoja ana miaka 8, mmoja 23, mmoja 29. Waliojeruhiwa walizidi 260, wengine wamekatwa miguu. Baada ya siku tatu akauawa askari polisi wa chuo kikuu. Waliofanya haya ni ndugu wawili. Mkubwa, Tamerlan Tsarnaev, miaka 26, alikufa katika mapambano na polisi. Mdogo, Dzhokhar, miaka 19, alikutwa na majeraha amejificha ndani ya mashua iliyoegeshwa uani kwa watu. Hapo baraza zima lilitikisa kichwa. Mwaka 2015 alihukumiwa kifo. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikairudisha, majaji 6 kwa 3. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikaagiza uchunguzi kuhusu wawili kati ya raia wa kawaida wa jopo lililomhukumu, kama kweli hawakuwa na upendeleo. Desemba mwaka huo Rais Biden aliwabadilishia adhabu watu 37 kati ya 40 waliokuwa wakisubiri kifo katika magereza ya serikali kuu. Dzhokhar ni mmoja wa watatu aliowaacha.

Baada ya hapo funga mlango wa swali la hatia. Wakili wake mwenyewe alikiri siku ya kwanza ya kesi kwamba ni yeye aliyefanya. Usiruhusu mtu arudi huko, usiku utakwisha kwa uvumi.

Umri uuendee taratibu. Nilikataza maneno "mtoto" na "mwanamume mzima" mpaka msemaji atoe sababu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza mwaka 2005 kumuua mtu kwa kosa alilolifanya kabla ya kutimiza miaka 18, na sheria ya Kenya nayo hairuhusu hukumu ya kifo kwa aliye chini ya umri huo. Dzhokhar alikuwa ameuvuka kwa mwaka mmoja na miezi minane na siku kadhaa. Nahodha mmoja akasema, "Mimi kwa umri huo napeleka jahazi Mombasa na roho za watu ndani. Asiniambie mtu kuwa yule ni mtoto." Kijana akamjibu kwa adabu: "Ami, wewe juu yako palikuwa na nahodha aliyekufundisha bahari. Juu yake yeye palikuwa na kaka yake." Ndiyo hoja waliyoitoa mawakili wake mahakamani, na kijana yule hakuwa ameisoma popote. Lakini nikamtaka ajibu na upande wa pili: waendesha mashtaka walionyesha video, amesimama kama dakika nne na mfuko wake nyuma ya mstari wa watoto. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema hana jibu. Mpe mtu nafasi ya kusema hana jibu, wala usimkimbilie.

Jambo la kulikalia zaidi kuliko yote ni barua ya wazazi wa yule mtoto wa miaka 8. Aprili 2015, kabla adhabu haijaamuliwa, waliandika gazetini wakiiomba serikali iache kutaka kifo, mradi kijana afungwe maisha bila kutoka na aache haki zote za kukata rufaa. Hawakusema wamemsamehe. Walisema kesi ya kifo ingewarudisha kwa miaka katika siku mbaya kuliko zote maishani mwao. Binti yao naye alipoteza mguu siku ile ile.

Watu wetu huisikia barua hiyo na mara moja humkumbuka walii wa aliyeuawa, yaani jamaa yake mwenye haki ya damu, kwa maana Al-Baqara aya ya 178 inampa haki ya kusamehe kisasi. Mwongozaji lazima ajue kwamba hapo hapo mzee aliyesoma ataleta Al-Maida aya ya 33, kuhusu adhabu ya wanaofanya ufisadi katika ardhi, na atasema kuwa kwa wanazuoni wengi msamaha wa familia hauiondoi adhabu hiyo. Ni kweli. Na aya inayofuata inawatoa wanaotubu kabla ya kukamatwa, ilhali Dzhokhar aliomba radhi mahakamani Juni 2015, yuko tayari mikononi mwa dola. Mimi si shekhe, kwa hiyo nilimwita mmoja mapema akaketi nasi, akayafafanua kwa utulivu. Bila mtu wa elimu mahali hapo, usiifungue sehemu hii.

Sheria yetu haikuchukua muda, ila iliwashangaza wengi. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, ingawa adhabu imo vitabuni. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema kifo kisiwe lazima kwa kila mwuaji. Na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inamfunga maisha gaidi aliyeua. Kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, mwaka 2019 mmoja alifungwa maisha na wawili miaka 41. Nilimtazama yule nahodha akihesabu kwa vidole.

Usipigishe kura. Mwombe kila mmoja aseme ni jambo gani lingemfanya abadili rai yake. Rai yako mwongozaji ije mwisho kabisa, nusu ya kahawa ikiwa imeshanyweka. Yangu ni kwamba afungwe maisha, kwa sababu tangu 2013 kila hukumu na kila rufaa inamtaja yeye, na wale wazazi waliomba jina lake liishe masikioni mwao. Nahodha hakukubaliana nami hata kidogo.

Vichochoro vyetu ni vyembamba, watu wawili waliopandishiana sauti hawawezi kupishana bila kugusana mabega. Kwa hiyo tulipomaliza nilimshika nahodha mkono mmoja na yule kijana mkono mwingine, nikawasindikiza mpaka mlangoni kwa nahodha. Pale akamwambia kijana aje alfajiri, wana nyavu za kutengeneza.