Umehamia Seoul? Anza na kadi, halafu hakikisha jina lako limeandikwa sawa

Wengi wakifika Seoul wiki ya kwanza wanakimbilia kupiga picha Mto Han, sawa, hakuna ubaya, ila kitu kitakachokubana kuliko vyote ni ile kadi ya ukaazi. Bila kadi hiyo, laini ya simu ya mkataba ni shida kuipata, na bila laini yenye jina lako apu kibao zinakukataa, benki nayo inakuzungusha, yaani unabaki mtu mzima unayeomba wenzako wakuagizie msosi kwa simu zao. Kama unakaa zaidi ya siku 90 unatakiwa ujiandikishe uhamiaji ndani ya hizo siku 90 tangu uingie, na usisubiri hadi ya 80 maana miadi inashikwa mtandaoni kwenye tovuti ya HiKorea na nafasi za Seoul zinajaa haraka mno. Mi nakwambia shika miadi kabla hata hujafungua begi la pili. Ukikwama piga 1345, ndiyo namba ya uhamiaji, na Kiingereza wanaongea.

Sasa jina. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Mkorea wa kawaida jina lake lote ni silabi tatu, ukoo mbele, kwa hiyo fomu zao na mifumo yao haikukuwaza wewe mwenye majina manne marefu kama treni. Na kila ukitaka kununua kitu mtandaoni au kufungua akaunti, mfumo unalinganisha jina la kadi na la laini na la benki, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Mimi kijana wa duka la simu aliniandika majina yote yameshikana, benki wakaniandika yameachana na la mwisho wakalikata, basi miezi miwili kila nikijaribu naambiwa taarifa hazilingani, na mi najua kabisa ni mimi! Kwa hiyo ukienda popote weka kadi mezani, waambie waandike kama ilivyo pale, halafu chungulia skrini kabla hujasaini. Usione aibu.

Chumba: madalali wako kila mtaa, ofisi zao zimeandikwa budongsan, na kwenye vioo wanabandika vitu kama 1000/50. Usishtuke, Wakorea wanahesabu pesa kwa man, yaani elfu kumi kumi, hivyo hiyo ni dipoziti ya won milioni 10 na kodi ya won laki 5 kwa mwezi. Dipoziti unarudishiwa ukihama. Mfumo huo wa kodi ya kila mwezi unaitwa wolse. Kuna jeonse pia, unatoa pesa ndefu mara moja, kodi ya mwezi hakuna, na mwisho wa mkataba unarudishiwa yote, inavutia lakini kuna watu wengi wamelizwa, kwa hiyo kama huna Mkorea unayemwamini wa kukusomea hati ya umiliki wa nyumba, achana nayo. Kama mfuko umekauka anza na goshiwon, kijichumba cha kitanda na meza tu, dipoziti ndogo au hamna kabisa, na sehemu nyingi wali na kimchi (kabichi ya kuchachusha yenye pilipili) ni bure. Uliza pia gwanlibi, ada ya matunzo ya jengo, maana dalali anaweza kuitaja mwishoni kabisa ukiwa umeshalipenda geto. Na ukihama, karipoti anwani mpya ndani ya siku 15, hiyo ndiyo inayolinda dipoziti yako pia.

Takataka nazo ni shule. Tangu 1995 Korea unalipia taka kwa kununua mifuko maalumu, mfumo unaitwa jongnyangje, mifuko unaipata supamaketi au duka la saa 24, na kila wilaya (wao wanasema gu) ina mifuko yake, ya Mapo iko Mapo na ya Yongsan iko Yongsan. Ukitia taka kwenye mfuko wa rambo tu unaweza kula faini, na kamera ziko. Plastiki, makopo, chupa na karatasi unatenga, chupa unaisuuza kwanza. Mabaki ya chakula yana mfuko wake au ndoo yake, majengo mengine kuna pipa la kielektroniki linapima uzito unalipa kwa kilo. Wapya tunachanganyikiwa hapa: mifupa, maganda ya mayai, magamba ya chaza, hata maganda ya vitunguu si taka ya chakula, ni taka ya kawaida. Jiulize tu, mnyama angekula hiki? Maana mengi yanageuzwa chakula cha mifugo na mbolea. Siku na saa za kutoa nje muulize mwenye nyumba, sana sana ni jioni.

Usafiri ni raha, nunua kadi ya T-money duka lolote la saa 24, weka pesa, gusa ukipanda na gusa tena ukishuka, hata kwenye basi, usipogusa ukishuka unapoteza punguzo la kuunganisha basi na treni. Njia tumia Naver Map au KakaoMap. Viti vya pinki ni vya wajawazito na vile vya kona mwisho wa behewa ni vya wazee, hata vikiwa tupu we simama tu.

Bima ya afya ya taifa ni lazima ukikaa miezi 6 na kuendelea, kama umeajiriwa unaingizwa kazini. Usiache deni la bima likue, linakuja kukusumbua kwenye kuongeza visa. Dharura ni 119, polisi 112.

Lugha? Jifunze herufi kwanza, Hangul ina 24 tu na wiki moja inatosha kusoma. Tena wenzetu wanaongeza irabu kwenye maneno ya kigeni kama sisi, bus ya Kiingereza inakuwa beoseu, cake inakuwa keikeu, kwa hiyo ukishasoma herufi vitu vingi kwenye menyu ya duka la kahawa unavielewa bila kamusi. Mgahawani kuita mhudumu sema jogiyo. Kwenye vile vimgahawa vya akina mama, wateja wanamwita imo, yaani dada yake mama, mama mdogo wako kabisa. Mwite hivyo, pokea sahani kwa mikono miwili, na vile visahani vya pembeni vya kimchi na mboga vikiisha omba tena, ni bure, na bakshishi hawataki.